Mbaguzi wa Ploti Yetu

Mimi ni spika. Si wa lile bunge lenye zulia na walinzi. Langu lina viti vya plastiki vya mama anayeuza githeri, yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha, na benchi moja refu la fundi viatu. Tunakutana Jumapili alasiri kule mwisho wa Kawangware, mahali panapoitwa Foti Siksi, kando ya kibanda changu cha mapazia ya mitumba. Watu wakishatoka kanisani, au wakishaamka kwa wale ambao kanisa lao ni godoro, wanavuta viti na mtu anatupa hoja katikati. Nilichaguliwa, mwanamke mimi, kwa sababu sauti yangu inafika ng'ambo ya barabara bila kipaza sauti. Najivunia kiti hicho kuliko wengine wanavyojivunia digrii zao, na anayetaka kucheka na acheke.

Bunge letu lina sheria moja ambayo sijaiona kwingine. Tunaiita kurudisha. Kabla hujampinga mtu, unarudisha kwanza alichosema, bila kuongeza wala kupunguza, mpaka mwenyewe akubali kwa kusema, "Umefika." Asiposema umefika, unaanza tena, hata kama jua linazama. Sheria hii ilizaliwa msimu mmoja wa uchaguzi, viti viliporuka na kimoja kikampasua mtu paji la uso. Mama wa githeri akabeba viti vyake akasema havitoki tena nyumbani mpaka tujifunze kusikia. Mwanzoni ilikuwa kichekesho. Ungemwona mwanamume mzima na ndevu zake anashindwa kurudisha maneno mawili ya jirani yake, kwa sababu wakati jirani anaongea yeye alikuwa ananoa jibu. Siku hizi tumezoea, na hata kwenye ugomvi wa maji pale bombani utasikia mtu akisema, "Rudisha kwanza."

Neno "ubaguzi wa rangi" lilituingilia kupitia simu. Zamani lilikuwa neno la somo la historia, la makaburu na vibao vya mabenchi. Ghafla likawa kila mahali. Mtu akikatazwa kuingia klabu, ubaguzi wa rangi. Binti akiambiwa ajipake krimu ya kung'arisha ngozi ili apate kazi ya mapokezi, ubaguzi wa rangi. Jamaa mmoja alipewa chapati iliyoungua upande mmoja akapiga kelele kwamba huo ni ubaguzi wa rangi, na mama wa githeri akamwuliza, "Chapati ndiyo nyeusi ama ni wewe?" Tulicheka mpaka fundi viatu akaangusha nyundo.

Lakini tulilijadili pia kwa makini, Jumapili nyingi. Kijana mmoja wa chuo kikuu, mtoto wa mtaa wetu, alishikilia kwamba bila mamlaka hakuna ubaguzi, kuna chuki tu; maskini anaweza kukutukana lakini hawezi kukubagua. Fundi viatu alisema hayo ni maneno ya vitabu, ubaguzi ni moyo mchafu, na moyo mchafu hauulizi una cheo gani. Na jirani yangu, ambaye ni mlinzi, au soja kama tunavyosema Nairobi, alikuwa na msimamo wake ambao hakuutoa kwa kelele. Tunakaa ploti moja, yaani ua mmoja wa vyumba vya kupanga, bomba moja, kamba moja ya kuanikia nguo. Alitoka kule ziwani akiwa kijana, na ni mtu wa maneno machache.

"Mweusi hawezi kubagua mweusi mwenzake kwa rangi," alisema siku moja. "Atatumia kabila, atatumia pesa, atatumia hata kanisa. Lakini rangi? Hapana. Hiyo ni ya mzungu, na mzungu hakai hapa."

Nikamrudishia, akasema nimefika, nikampinga. Mimi ni Mnubi, mzaliwa wa Makina, kule Kibera. Mama yangu amezaliwa Makina, na nyanya yangu amezaliwa Makina. Hata hivyo, nikitaja nilikotoka kuna watu wanaoniuliza, "Lakini nyinyi hasa ni wa wapi? Si mlitoka Sudan?" Wanaouliza ni weusi kama mimi, wengine weusi kunishinda. Nikawaambia wabunge wangu kwamba mzungu anaweza kuondoka na kiti chake kikabaki, na mtu yeyote akakikalia. Soja akatikisa kichwa, akasema, "Hiyo ni ukabila, Spika. Usiipake rangi." Kikao kikaisha bila jibu, watu wakaenda kula.

Basi hivyo ndivyo tulivyokuwa kabla ya siku ya chai.

Mama yangu, ujana wake wote, alifua nguo za watu katika ule mtaa wa miti mingi unaopakana na Kawangware. Alikuwa akitoka Makina kwa miguu asubuhi na kurudi jioni, na njia yake ilipita kando ya ukuta wa mkahawa mmoja wenye bustani. Hakuwahi kuona ndani. Alisikia tu vijiko vikigonga vikombe. Mguu ulipomlaza kitandani mwaka jana kwa miezi, kisha akapona, nilimwuliza anataka zawadi gani. Nilidhani atataja leso au redio. Akasema anataka akanywe chai pale ndani, akae, aone wanakoroga nini muda wote ule.

Siku hiyo alivaa gurbaba yake nzuri, lile vazi la kujifunga la Kinubi, lenye rangi za kumfanya kipofu ageuke. Alijifukiza udi. Nami nilivaa vizuri. Tulitembea polepole kwa ajili ya mguu wake, na aliniambia habari za kila nyumba tuliyoipita: hii ilikuwa na mbwa, hii mama mwenye nyumba alikuwa anahesabu soksi. Alikuwa na furaha ya mtoto wa Idd.

Nilijua jirani yangu analinda lango katika mtaa ule, ila sikuwahi kumwuliza lango gani. Tulipofika nikamkuta ni yeye. Nilifurahi! Nikasema moyoni, leo tutapita kama mabibi harusi.

"Habari. Mnaenda wapi?" akauliza, kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia bombani.

"Sasa, jirani. Nimeleta mathe anywe chai."

"Mmebuku meza?"

"Chai inabukiwa?"

Akasema, "Wanaotafuta kazi ya kufua wanapitia mlango wa nyuma."

Nilidhani ananitania. Nikamtazama nione kama atacheka. Wakati huohuo wazungu wawili wakatokea nyuma yetu, mmoja amevaa kaptura na fulana yenye matundu, fulana ambayo mimi nisingeitundika kibandani kwangu hata nikiwa nimefilisika. Soja akapiga saluti, akafungua lango. Hakuwauliza wanakwenda wapi wala kama wamebuku. Wakapita wakicheka mambo yao, lango likafungwa mbele ya pua zetu.

"Wewe!" nikapiga kelele. "Wewe unanijua mimi!"

Alikuwa anatazama mahali fulani juu ya kichwa changu. Damu ilinichemka, na sioni haya kusema kwamba kama mama asingekuwepo ningemvua ile kofia yake ya kazi. Mama ndiye aliyenishika mkono. Alikuwa ameinua uso, anaangalia juu ya lango.

"Turudi, mwanangu," alisema. "Huyu baba anatazamwa."

Sikumwelewa. Njia nzima ya kurudi mama hakusimulia nyumba yoyote. Hilo liliniuma kuliko lango lenyewe.

Kumbe kulikuwa na mtu ndani ya gari, amepaki hapo kando, na alirekodi kila kitu kwa simu. Jioni ile video ilikuwa imefika Kawangware kabla ya mimi kuvua viatu. Ilikuwa imeandikwa juu: ubaguzi wa rangi mchana kweupe. Mimi nilionekana nikipiga kelele, mama na gurbaba yake, wazungu wakipita, na uso wa jirani yangu ukiwa karibu kabisa. Watu ambao hawajui hata Kawangware iko upande gani wakaanza kumtukana. Mtumwa. Mbwa wa wazungu. Mbaguzi. Mwingine akatetea kwamba huo si ubaguzi wa rangi kwa sababu soja mwenyewe ni mweusi, naye akatukanwa. Niliona watu wakigombania lile neno mpaka tuliofungiwa lango tukasahaulika, tukawa picha tu ya kuonyeshea hoja.

Kabla ya wiki kwisha, mkahawa ukatoa tangazo. Ulisema haukubaliani na ubaguzi wa rangi wa aina yoyote, na kwamba mhusika ameachishwa kazi. Watu wakausifu. Hapo ndipo nilipoanza kusikia kitu hakijakaa sawa. Mimi niliyefungiwa lango nilikuwa na hasira na soja, ndiyo. Lakini hasira yangu ilikuwa ya jirani kwa jirani, na hawa waliichukua bila kuniuliza wakajifutia nayo mikono.

Pale kwenye ploti mambo yakawa mabaya. Mke wa soja akawa anachota maji mapema kabla watu hawajaamka. Watoto, ambao hushika neno jipya upesi kuliko homa, wakawa wanamwita binti yake "mtoto wa mbaguzi" wakicheza kamba. Sijui kama walijua maana yake. Niliwafokea, wakahamia upande wa pili wa vyoo wakaendelea.

Jumapili soja akaja bungeni. Sikutarajia. Alikaa kiti cha mwisho, mikono magotini. Kijana wa chuo akasema tusimlaumu mtu binafsi, yeye ni mfano tu wa mfumo. Fundi viatu akaruka, "Mfumo hauna funguo! Huyu ndiye alikuwa na funguo!" Wengine wakataka afukuzwe bungeni, kwamba hatuwezi kukaa na mtu wa namna hiyo kisha tukajiita watetezi wa wananchi. Wote wakanigeukia. Mimi ndiye spika, na mimi ndiye niliyefungiwa. Nikamwambia asimame, aseme lake.

"Nilikuwa kazini," alisema. "Niliuliza watu wanaenda wapi. Hiyo ndiyo kazi."

Nikarudisha, "Unasema ulikuwa kazini, na uliuliza watu wanaenda wapi, kwa sababu hiyo ndiyo kazi."

"Umefika."

"Sasa niambie. Ni nani alikuambia utuulize sisi na usiulize wale wazungu?"

Akatazama chini. "Hiyo siwezi jibu, Spika."

Bunge likavuma. Nilipiga benchi kwa kiatu cha mteja wa fundi mpaka wakatulia. Nikatoa uamuzi kwamba bunge hili halitamfukuza mtu kwa neno ambalo lenyewe hatujakubaliana maana yake. Kura ikapigwa, na kwa kuwa kwetu kura huhesabiwa kwa kelele, nikashinda. Hata hivyo alitoka bila kuaga.

Usiku ule nilimkuta bombani. Niliyabana meno nikamwuliza kwa nini anakubali kubeba mzigo ambao si wake peke yake.

"Soja akitaja alichoambiwa na bosi," akanijibu, "hakuna lango lingine litamchukua. Na mimi kazi ingine sijui. Wacha waniite mbaguzi. Hiyo neno itapoa. Lakini nikiitwa mdomo mrefu, nimeisha."

Kesho yake nilikwenda Makina kwa mama nikamweleza. Alikuwa anashona kawa, akavuta uzi, akasema, "Wewe ulimwangalia uso. Mimi niliangalia juu yake. Kuna ile kamera imemtolea jicho." Kisha akanikumbusha kitu ambacho watu wa Makina hatupendi kukisema mbele ya wageni. Babu yake aliletwa kutoka Sudan kuwa askari wa Mwingereza, na sisi tunamjivunia, picha yake iko ukutani na kofia yake ya shungi. "Walimtuma apige watu asiowajua," mama alisema. "Alipozeeka, waliomtuma walikuwa wameshapanda meli. Wakabaki yeye na waliopigwa, wanatazamana. Mpaka leo tunaulizwa sisi." Akakata uzi kwa meno. "Usikubali huyo baba abaki peke yake."

Basi redio ya mtaa iliponipigia simu kunialika kwenye mjadala wa moja kwa moja katika ukumbi wa Makina, nilikubali kwa sharti kwamba soja naye aitwe. Mada ilikuwa "Ubaguzi wa rangi: Kenya tuko wapi?" Mkahawa ulikubali kuleta msemaji, nadhani kwa sababu walikuwa wamesifiwa na walitaka nyongeza. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Kazi ngumu ilikuwa kumbembeleza soja. Mwishowe mke wake ndiye aliyemtolea koti la kanisani, akalipiga pasi, akamwambia, "Nenda ukae tu. Hata ukinyamaza, wakuone uso."

Ukumbi ulijaa. Bunge langu lote lilikuja kutoka Kawangware, mama wa githeri mbele kabisa. Wazee wa Makina walikuja na kofia zao. Msemaji wa mkahawa alikuwa kijana nadhifu, mweusi kama sisi, mwenye Kiswahili kilichonyooka na tabasamu la tangazo la dawa ya meno. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima. Alisema mkahawa wao ni nyumba ya watu wote, kwamba tukio lile liliwahuzunisha, kwamba ubaguzi ni tabia ya mtu mmoja mmoja na wao walichukua hatua dhidi ya huyo mmoja. Akageuka akampa soja jicho la huruma. Nililiona jicho hilo.

Mtangazaji akampa soja maikrofoni. Jirani yangu akasema yaleyale aliyosema bungeni, neno kwa neno. "Nilikuwa kazini. Niliuliza watu wanaenda wapi. Hiyo ndiyo kazi." Akarudisha maikrofoni.

Msemaji akavuta pumzi kumjibu. Nikainua mkono.

"Kwetu Kawangware," nikasema, "hujibu mtu kabla hujarudisha. Sema kwanza yeye amesema nini. Yeye akisema umefika, ndiyo ujibu."

Mtangazaji akacheka, akidhani ni mzaha wa kuchangamsha kipindi. Lakini wabunge wangu wakaanza, "Rudisha! Rudisha!" na watu wa Makina, ambao hawakuijua sheria yetu ila waliipenda papo hapo, wakaipokea. Msemaji akainua mikono kama mtu anayekubali kucheza na watoto.

"Sawa, sawa, narudisha," alisema. "Bwana anasema kwamba alikuwa kazini, na kwamba aliambiwa awasimamishe watu ambao hawakai kama wateja, akawasimamisha. Nimefika?"

Soja hakusema umefika. Aliinua kichwa taratibu na kumtazama. Sote tulikuwa tumesikia maneno machache ya soja, na hilo la kukaa kama wateja, yaani kuonekana kama wateja, halikuwamo.

"Hujafika," nikasema mimi. "Yeye hajasema hivyo. Amesema aliuliza watu wanaenda wapi. Hayo ya watu ambao hawakai kama wateja, umeyatoa wapi?"

Tabasamu likabaki usoni kwake, lakini lilikuwa limekwama. "Ni… ni lugha ya kawaida tu ya ulinzi."

"Ya kawaida wapi? Sisi tumekaa na huyu mtu Jumapili baada ya Jumapili, tumemwuliza na amekataa kusema aliambiwa nini. Amebeba mwenyewe. Wewe ndiwe umesema. Kwa hivyo waliambiwa. Na wewe unajua waliambiwa."

"Mama, mimi si mtu wa lango, mimi…"

"Sijakuuliza lango. Tuambie tu, mteja anakaa vipi?"

Angesema nini? Kwamba mteja hutoka kwa gari? Wale wawili walikuja kwa miguu kama sisi. Kwamba mteja huvaa vizuri? Nchi nzima ilikuwa imeiona ile fulana yenye matundu. Kwamba mteja huwa amebuku? Hakuna aliyewauliza. Kila jibu lilikuwa limeshafungwa njia, likabaki moja tu, na hilo hakuthubutu kulisema katika maikrofoni. Mtangazaji akakimbilia matangazo ya biashara, na watu wa redioni wakasikia sabuni. Sisi ndani ya ukumbi tulisikia mama wa githeri akisema, "Umefika, kijana. Umefika kabisa."

Wacha nijisifu hapa, maana kama sijisifu mimi nani atanisifu. Nimewahi kuona mijadala ya televisheni, watu wenye tai wakirushiana lile neno, huyu akisema ni mfumo, yule akisema ni moyo, wa tatu akisema halipo kabisa. Hakuna aliyewahi kumsikia mwenzake hata mara moja. Watu wangu wa viti vya plastiki hawakuwa na tafsiri bora kuliko wao. Hata leo hatujakubaliana. Tulichokuwa nacho ni tabia ya kusikiliza mpaka mwisho, na tabia hiyo ndiyo iliyomnasa mtu mwenye tabasamu. Nilitoka ukumbini Makina nikiwa mrefu kuliko nilivyoingia.

Siku chache baadaye mkahawa ukampigia soja simu arudi kazini. Walitoa tangazo jingine, la kusema utaratibu wa langoni umerekebishwa. Kama umerekebishwa kweli sijui. Watoto wa ploti waliacha kumwita binti yake lile jina. Walikuwa wamepata jingine la kumwita mtoto wa jirani mmoja anayepika chapati.

Jumapili iliyofuata nilimleta mama bungeni. Alitaka mwenyewe, akaja na gurbaba ileile, akakaa kwenye benchi la fundi viatu. Nilidhani itakuwa siku ya sherehe. Mama wa githeri alikuwa amepika ya bure. Soja alipofika watu walimpigia makofi, wengine wakamwita shujaa, na wale waliotaka afukuzwe ndio waliopiga makofi zaidi. Akangoja wamalize. Kisha akaomba nafasi, na badala ya kulihutubia bunge, akaenda kusimama mbele ya mama yangu.

"Mama," alisema, "nataka kurudisha ile siku. Wewe ulikuja kunywa chai. Hukugombana na mtu. Mtoto wako aliniambia namjua, na ni kweli namjua. Mimi nikakuambia mlango wa nyuma."

Mama akaitikia kwa kichwa.

"Sasa watu wanasema nilitumwa. Nilitumwa. Lakini mkono uliofunga ulikuwa huu." Akauinua, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Nilisema hapa kwamba mweusi hawezi kubagua mweusi kwa rangi. Nilidhani lazima kwanza umchukie mtu. Mimi sikukuchukia, mama. Hata kidogo. Nilifunga tu."

Kijana wa chuo alikuwa ameinamisha kichwa. Fahari niliyokuwa nayo ukumbini Makina ilikuwa mchezo wa watoto ukilinganisha na hii, kwa sababu mtu huyu alikuwa amesafishwa hadharani, hakuna aliyemdai neno, naye alirudi kwa miguu yake mwenyewe kuchukua fungu lake.

"Kesho unaingia kazini?" mama akamwuliza.

"Ndiyo, mama."

"Na mimi bado nataka ile chai. Wakikuambia tena unifungie?"

Akafikiri. Niliona anafikiri kweli, si jibu la kufurahisha watu. Niliona mke wake, aliyesimama nyuma na binti yao, akishika mdomo.

"Nitafunga," akasema. "Lakini nitafunga nikiwa nje, na wewe."

Mama akasogea, akamwachia nafasi kwenye benchi.